Dakika Kumi za Injinia Zuberi

Kwa aliyechelewa kunisoma, nampa kwa kifupi ili tutembee pamoja.

Naitwa Sabra. Nina miaka sitini na minne, mzaliwa wa Mahurunga, kule karibu na mto Ruvuma. Shule niliiacha darasa la nne. Mwanangu wa pekee ni Ussene. Baba yake, Mungu amrehemu, alivuka mto kutoka Msumbiji, akanioa, akabaki kwetu mpaka tulipomzika.

Ussene alikuwa mlinzi wa mnara wa simu pale kijijini. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka huu wa 2008, mnara ukanyamaza. Siku hiyo hiyo mkewe, Vania, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Ussene alipiga simu ya kuita gari la wagonjwa mpaka betri ikaisha. Simu haikutoka. Wakambeba Vania kwa baiskeli. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia.

Mnara ulinyamaza siku tatu. Siku ya nne, tungali kwenye matanga, wakaja kumchukua Ussene. Walisema amekata waya wa shaba akauze ng'ambo kwa ndugu za baba yake. Mwanangu aliinuka kwenye mkeka wa msiba akaingia mahabusu, na mpaka haya ninayowaandikia yalipotokea, mwezi wa kumi, alikuwa bado yumo.

Aliyeandika ripoti ile ni Injinia Zuberi. Ndiye ninayemtaka.

Juma lililopita nilieleza nilivyopata kazi ya kufagia na kupika chai kwenye jengo la mitambo la kampuni ya simu, hapa mjini, Chikongola, bila mtu kujua mimi ni mama wa nani. Nikaeleza pia jinsi Theresia, injinia msichana wa Newala, alivyonikuta nalia jikoni nikamtapikia yote.

Sasa someni nilichofanya. Sijivuni nacho. Wala sitawadanganya kwamba hakikuwa kitamu.

*

Theresia alinifundisha mambo ya mtambo tukiwa jikoni, tunakula ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu. Yeye anaeleza, mimi nasuka ukili wa mkeka. Mikono yangu ikiwa na kazi, kichwa kinasikia vizuri.

Aliniambia lile kabati la chuma lenye taa za kijani ndilo linaloelekeza simu zote za huku kwetu, hii ipite huku, ile ipite kule. Halina akili yake lenyewe. Linafuata maagizo yaliyoandikwa ndani yake, na maagizo hayo wao wanayaita konfigi.

Injinia akiandika agizo jipya, mtambo haulifuati hapo hapo. Agizo linakaa pembeni kwanza, kama rasimu. Anaweza kuandika, kufuta, kukosea na kuanza upya, simu za watu zikaendelea kama kawaida. Mpaka apitishe. Akishapitisha, rasimu imekuwa amri.

Nikamwuliza, na akipitisha kosa?

Theresia akaweka kiazi chini. Akasema kupitisha kuna namna mbili. Mwenye haraka anapitisha moja kwa moja, anaondoka zake. Mwangalifu anapitisha kwa majaribio, anaupa mtambo dakika kumi. Ndani ya dakika hizo anapiga simu kule alikobadilisha, anasikia sauti ya mtu, anarudi kwenye mtambo anathibitisha. Asipothibitisha, mtambo unaona kuna jambo limeharibika. Unarudisha maagizo ya zamani wenyewe, bila kuulizwa.

"Na yeye siku ile alifanya ipi?"

"Alikuwa na harusi Mikindani, Bibi."

Akanieleza yote. Zuberi alipitisha moja kwa moja, saa tisa alasiri, akiwa ameshavaa kanzu ya harusi. Namba ya njia ya Mahurunga aliikosea. Akazima simu yake, akaenda kula pilau siku tatu. Jumatatu alirudi akasahihisha kimya kimya, kisha akakaa kitako akaandika kwamba waya umekatwa na mlinzi.

Dakika kumi tu angeupa mtambo, mjukuu wangu leo angekuwa na miezi saba, ameanza kukaa.

Usiku ule nilihesabu moja mpaka kumi mara nyingi sana. Ndivyo nilivyopata usingizi.

*

Theresia alijuaje hayo yote? Mtambo ule, wasomaji wangu, unaweka kumbukumbu.

Kila kinachopitishwa unakihifadhi kama mstari mmoja wa orodha, na jina la aliyepitisha, siku, na saa. Maagizo yanayofanya kazi sasa yanaitwa sifuri. Ya kabla yake ni moja, ya kabla ya hayo ni mbili, hivyo hivyo mpaka arobaini na tisa. Yakipitishwa mapya, mistari yote inasogea chini hatua moja. Ule wa mwisho unadondoka, na ukishadondoka hakuna wa kuuokota.

Ule mstari wa ile Ijumaa Theresia aliuona kwa mara ya kwanza ukiwa namba thelathini na moja. Jina la Zuberi, siku, saa, vyote vipo. Lakini kila mtu pale ana neno lake la siri na daraja lake. Daraja la Theresia ni la kutazama orodha tu. Kuufungua mstari na kuuchapa ni kazi ya Zuberi, au ya mkubwa wao Injinia Mussa aliyeko Dar es Salaam.

Kulikuwa pia na faili la karatasi. Utaratibu wao ni kwamba kila badiliko linachapwa, linatiwa sahihi na mhuri, linawekwa failini. Theresia alilipekua. Ukurasa wa Ijumaa ile ulikuwa umenyofolewa. Zimebaki nyuzi nyuzi za karatasi kwenye pini.

Kwa hiyo tulibaki na mstari ule ndani ya mtambo. Mwanangu mzima, mwenye kilo zake sabini, alikuwa ananing'inia kwenye mstari mmoja wa maandishi.

Tukangoja. Ikaja habari kwamba Injinia Mussa atakuja kukagua, Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, siku nne kabla ya hukumu ya Ussene. Theresia alifurahi. Alisema mzee yule akija ana desturi moja: kazi ikiisha anafungua orodha yote, anasoma mstari kwa mstari, na asichokielewa anakifungua.

Zuberi naye aliijua desturi hiyo.

Siku ile ile habari ilipofika, alianza kupitisha vitu visivyo na maana. Leo anabadilisha jina la mlango mmoja wa mtambo, yaani tundu la kuchomekea waya, anapitisha. Kesho anarudisha jina lile lile, anapitisha. Theresia alikuwa akija jikoni na kuninong'oneza namba huku anachukua sukari. Thelathini na tano. Arobaini. Arobaini na nne.

Nilikuwa nampikia chai mtu anayemsukuma mwanangu shimoni hatua kwa hatua, na bado ananiamkia vizuri. "Shikamoo bibi. Chai yako leo ina tangawizi ya kutosha." Namjibu marahaba baba, nakuombea maisha marefu. Maisha marefu nilimwombea kwa dhati. Sikutaka afe kabla sijamfikia, kabla ya siku yake.

Jumatano jioni mstari ulikuwa namba arobaini na nane, na agizo limefika kutoka Dar es Salaam kwamba mtambo usiguswe tena mpaka mzee aje.

Theresia akanishika mikono. Aliniambia kesho asubuhi kuna badiliko moja tu litakalofanyika, lile ambalo Injinia Mussa mwenyewe ameliruhusu, la njia mpya ya Mahurunga. Zuberi atalipitisha mzee akiwa amekaa pembeni, na hataweza kupitisha la pili machoni pake. Mstari utasogea mpaka arobaini na tisa. Pale ni ukingoni, lakini bado uko ndani. Mzee atafungua orodha, naye Theresia atamwonyesha kwa kidole.

"Kesho kaa jikoni, Bibi," alisema. "Usifanye kitu chochote. Umenisikia? Chochote."

Nikamwambia nimesikia.

*

Ningekaa jikoni, leo msingekuwa mnasoma hadithi hii.

Injinia Mussa alifika saa tatu asubuhi. Mtu mzima mwenye mvi, mpole, anavua viatu mlangoni mwa chumba cha mitambo kama anaingia msikitini. Aliniamkia vizuri. Niliwapelekea chai saa nne kamili. Nikachelewesha vikombe makusudi, napanga hiki, napangua kile, masikio yako kwao.

Nilimsikia mzee akimwambia Zuberi apitishe kwa majaribio, dakika kumi kama utaratibu unavyotaka, apige simu Mahurunga, asikie sauti, arudi athibitishe. Mwenyewe hatagusa, alisema. Kazi ya mtu anaimaliza mwenyewe.

Zuberi akabonyeza. Akageuka na kutabasamu kama bwana harusi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili.

Ndipo lile wazo liliponiingia. Sikulialika. Nilimwona anachukua simu yake anatoka kwenda barazani, maana ndani ya chumba kile mashine za baridi zinapiga kelele, husikii mtu. Nikajisemea: huyu akikosa kurudi kwa dakika kumi, mtambo utarudisha ya zamani. Ataaibika mbele ya mkubwa wake. Na lile badiliko lake likirudishwa, mstari wetu nao utarudi nyuma, kutoka arobaini na tisa hadi arobaini na nane, mbali kidogo na shimo. Kama ninavyofanya na ukili: nikikosea kusuka nafumua kamba ya mwisho, na ukili unarudi ulivyokuwa, hakuna kilichopungua wala kuongezeka.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana. Nilikuwa nimeshamwuliza Theresia zamani kama njia ya zamani inafanya kazi, akasema inafanya. Hakuna mama wa Mahurunga angekosa simu kwa ajili yangu. Hilo nalo nililipima, msinione mnyama.

Nikachukua kipande cha mkeka wangu nikamfuata.

Pale barazani Zuberi alikuwa ameshampata mlinzi mpya wa Mahurunga. Wanasikizana vizuri, wanacheka. Alikata simu. Zilikuwa zimepita dakika mbili. Akageuka aingie ndani, akanikuta nimetandika mkeka mlangoni, nimekaa katikati, miguu nimenyoosha. Kuingia ndani ni lazima amruke bibi kizee.

"Bibi, umekwisha kuchoka asubuhi yote hii?"

"Leo Alhamisi, baba," nikasema. "Siku ya kuwaombea waliotangulia. Nina marehemu wangu, na sina mtu wa kunisomea. Mume wangu hayupo, mwanangu hayupo. Wanasema wewe baba yako alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Mikindani. Nisomee Fatiha."

Aliangalia saa yake. Nilijua anachohesabu. Fatiha moja ni dakika moja, na ana nane. Na mtoto wa mwalimu wa chuo, aliyelelewa Mikindani, atamwambiaje bibi kizee kwamba hana nafasi ya kuwaombea wafu wake siku ya Alhamisi?

Akavua viatu. Akakaa. Akainua mikono.

Alisoma vizuri. Niseme ukweli, ana sauti ya kumtuliza mtu. Alipomaliza nikasema amina, nikamwambia hiyo ilikuwa ya mume wangu, sasa mama yangu mzazi. Akasoma, kwa haraka kidogo. Nikamwambia sasa baba yangu. Akasoma, jasho limeanza kwenye pua. Nikamwambia sasa dada yangu aliyeliwa na mamba mtoni mwaka wa njaa. Sikuwahi kuwa na dada wa hivyo. Mungu anisamehe, nilimwua dada ambaye hakuzaliwa.

Dakika sita zilikuwa zimekwenda. Akaanza kuinuka, akasema kazi ya watu inamsubiri, akirudi atanisomea Yasini nzima.

Nikamshika mikono yote miwili, ingali imeinuliwa.

"Mmoja bado. Mjukuu wangu."

"Anaitwa nani, bibi?"

"Hana jina. Hakufika siku ya saba. Alizaliwa juu ya baiskeli, njia ya Mahurunga, ile Ijumaa simu ziliponyamaza."

Mikono yake ilikufa ndani ya mikono yangu. Nilihisi kabisa, kama samaki anapoacha kupigana.

Dakika nne za kwanza alizuiliwa na adabu. Nne za mwisho alizuiliwa na hofu, na hofu ina mikono migumu kuliko yangu. Hakujaribu kujinasua. Alinitazama usoni, akawa anamtafuta mtu mwingine ndani ya uso wangu, na nikaona alipompata.

"Msomee," nikasema.

Akaanza. Alifika katikati akapotea. Fatiha, wasomaji wangu, ambayo mtoto wa miaka minne haipotezi. Akaanza tena. Akapotea tena pale pale. Mimi namtazama kwa upole, kama mwalimu mwenye subira, na ndani ya kifua changu kuna ngoma inalia.

Kupitia dirisha niliiona saa ya ukutani. Saa nne na dakika ishirini na mbili.

"Amina," nikasema, nikamwachia.

*

Sauti ya Injinia Mussa ilisikika kutoka ndani, haikuwa kubwa. Alikuwa anamwita Zuberi kwa jina lake, bila injinia.

Nikachukua ufagio nikaenda kufagia mbele ya mlango ule. Nani atamzuia bibi mfagiaji?

Mzee alimwuliza, dakika kumi zimekushinda? Zuberi akasema alikuwa anaomba dua. Vijana wawili waliokuja na mzee wakatazamana wakainamisha vichwa wasicheke. Mzee akamwambia dua ni jambo jema, lakini mtu anaomba kabla ya kazi, au baada ya kazi, na kama kazi zinamshinda kiasi cha kuzikimbilia katikati kwa Mungu, basi labda amtafutie mwingine wa kumsaidia. Aliyasema taratibu, mbele ya wote. Zuberi alisimama kama mtoto aliyejikojolea kwenye gwaride.

Nilifagia mahali pamoja mpaka saruji ikang'aa. Miezi saba sijawahi kula kitu kikaniingia mwilini kama kile. Nilijisikia nimekula ubwabwa wa nazi.

Kisha mzee akavuta kiti. Akasema, haya, tuone orodha.

Nikaacha kufagia. Theresia alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, kidole kimoja tayari, kama mwanafunzi anayejua jibu. Mzee alisoma kutoka juu. Aliuliza haya majina ya milango yanabadilishwa na kurudishwa kwa nini. Zuberi akajibu kitu. Mzee akaguna, akashuka. Akashuka. Akafika chini.

Niliutazama uso wa Theresia, maana skrini siijui lakini nyuso nazijua.

Kidole chake kilishuka polepole, kikajificha ndani ya kiganja.

*

Alinifuata jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Bibi, ulimshika wewe?"

Nikamwambia nimemshika, na nimemwaibisha, na mstari wetu sasa umerudi arobaini na nane, afadhali anishukuru.

Aliziba uso kwa mikono. Alipoitoa alikuwa analia, na alisema taratibu sana, kama anavyosema nami siku zote anaponifundisha.

"Mtambo haufumui, Bibi. Kurudi nako unakuandika. Zuberi alipitisha, mstari wetu ukasogea hatua moja ukafika arobaini na tisa. Ulipofika muda, mtambo ulirudisha ya zamani kwa kuyapitisha upya, wenyewe, kwa jina lake wenyewe. Hiyo ni hatua ya pili, na mstari wetu umedondoka."

"Na angethibitisha?"

"Kuthibitisha hakuongezi kitu. Ungebaki pale pale."

Nikamwuliza kama Dar es Salaam hawana nakala. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama hauwezi kuokotwa. Akatikisa kichwa.

Nilikaa juu ya gunia la mkaa. Maisha yangu yote nimesuka mikeka. Maisha yangu yote nikifumua, kitu kimefumuka. Nilidhani na dunia nzima inasukwa kwa mkono.

Mwanangu alikuwa ananing'inia kwenye mstari mmoja. Wiki tatu Zuberi aliusukuma na vidole vyake vya kisomi, ukamshinda kwa hatua moja. Mimi mama yake nikaumalizia kwa Fatiha tano.

Theresia akasema lazima arudi kabla hawajamtafuta. Alinigusa bega akatoka. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi.

Nikaweka birika jikoni, maana wakubwa watataka chai ya pili. Mikono inafanya kazi zake hata mwenyewe akiwa amekufa.

*

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Alikuwa Zuberi. Kanzu hakuvaa, lakini nilimwona na kanzu. Alisimama ng'ambo ya jiko la mkaa, macho mekundu.

"Mama Ussene," alisema.

Miezi mitano nikifanya kazi pale nilikuwa bibi.

"Nimeitazama ile orodha. Umenifanyia kazi iliyonishinda wiki tatu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliingiza mkono mfuko wa shati, ule wa moyoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Imechakaa kwenye mikunjo, inataka kuachana. Akaifunua juu ya moto. Darasa la nne langu lilitosha: niliona mhuri, niliona tarehe ya Ijumaa ile, niliona jina lake na sahihi yake. Pembeni karatasi ilikuwa na matundu mawili yaliyochanika, pale iliponyofolewa kwenye pini.

Alisema aliinyofoa Jumatatu ile ile, akakusudia kuichana, akashindwa. Kila shati alilovaa tangu siku hiyo ameihamishia. Mkewe anadhani ni kinga ya mganga.

Nikanyoosha mkono. Akaiinua.

"Siku tatu nilikuwa sijui kuna mtoto," alisema. "Nilipojua, nilikuwa nimeshaandika ripoti. Leo umenisomesha nikapotea kwenye Fatiha. Hainitoki tena, mama. Nimejaribu sasa hivi uani peke yangu. Hainitoki."

"Unataka nini?"

Alitaka twende sote kwa Injinia Mussa, muda ule ule. Niseme mbele ya mzee na mbele ya Theresia, kwa jina la Mungu, kwamba nimemsamehe damu ya mtoto, simdai duniani wala akhera. Akishasikia ataitoa karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Kazi waichukue, jela apelekwe, Ussene atoke. Lakini kama simsamehe, alisema, basi yeye amekwisha huku na kule, na mtu aliyekwisha huku na kule hana sababu ya kumwokoa mtoto wa mtu. Ataiachia moto.

"Na usiseme kwa mdomo tu. Nitajua. Wewe mtu mzima, huwezi kumtaja Mungu kwa uongo mara mbili kwa siku moja."

Alinijua vizuri, yule mtoto wa mwalimu.

Nilimtazama Zuberi. Nikaitazama karatasi. Birika lilikuwa limeanza kuchemka, mpini wake umenielekea mimi, na yeye amesimama karibu. Maji yale yangemfika usoni kabla hajapepesa. Na karatasi ingeanguka kwenye mkaa.

Neno ni moja tu. Mama anayempenda mwanawe angeshalisema. Ussene amelala chini miezi saba, anakohoa, ananiuliza kila ninapokwenda kumwona kama Vania anakula. Nililitafuta neno lile ndani yangu, nikapapasa kila kona. Nilikuta baiskeli. Nilikuta khanga iliyolowa. Nilikuta kidole cha mtoto, kidogo kama punje ya korosho changa, kimekunjwa kana kwamba kimeshika kitu.

Neno sikulikuta.

Zuberi akaiangalia saa yake.

"Nakupa dakika kumi, mama," alisema. "Usipothibitisha, kila kitu kinabaki kilivyokuwa."

Akaishusha karatasi karibu na mkaa. Kona yake ikaanza kujikunja kwa joto. Mimi nikasimama pale, nimeshika mpini wa birika, mdomo wazi. Theresia aliniita kutoka ukumbini mara mbili.

Dakika ya tisa iliponikuta, nilikuwa bado nalitafuta lile neno.